Udongo wa bibi kule Kiomoni bado unaukumbuka msitu

Shamba la bibi huwezi kulipima kwa hatua kama mashamba mengine, maana kila hatua ya tatu unakutana na jiwe. Lipo nje kidogo ya Kiomoni, Tanga, upande uleule wa mapango ya Amboni, na mawe yenyewe yametokeza juu ya ardhi kama migongo ya ng'ombe waliolala, ya kijivu, yana matundu na mikwaruzo ya maji, afu katikati ya jiwe na jiwe ndo kuna udongo, mwekundu, pengine kifuko tu cha kutosha mashina manne ya mahindi. Bibi anakijua kila kifuko kwa tabia yake. Hiki kinakausha haraka, hiki kinatunza maji, hiki kina mafuta. Akisema udongo una mafuta anamaanisha ukiukamata unashikamana kidogo, una weusi fulani ndani ya wekundu, na mahindi yake hayageuki njano haraka jua likikaza.

Yale "mafuta" ya bibi ndo kitu nilichosomea. Kitaalamu tunaita mboji, yaani mabaki yote ya majani, mizizi, wadudu na vijidudu yaliyooza yakawa sehemu ya udongo, na karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Swali langu lilikuwa dogo tu: hii mboji ya shamba la bibi imetoka kwa nani? Kwa sababu bibi ana historia yake ya pale na ameshanisimulia mara nyingi. Babake aliukuta msitu, wa mivule na mikwaju na mibambakofi. Halafu ukaja mkonge, ukapandwa mpaka huko. Mkonge ulipokosa bei ukaachwa, wao wakarudi wakang'oa visiki vyake kwa panga na sururu, wakaweka mahindi, na mahindi ndo yapo mpaka leo. Nikataka nimuulize udongo wenyewe nione kama wanakubaliana na bibi.

Udongo unaulizika, na njia yake ni isotopu. Kaboni zipo za aina mbili zisizooza, yaani hazibadiliki hata zikae miaka mingapi. Kaboni 12 ni nyepesi na ndo karibu asilimia 99 ya kaboni yote, kaboni 13 ni nzito kidogo na ni kama asilimia 1.1. Miti na mimea mingi, mwembe, mnazi, muhogo, kunde, mpunga, mvule, inapovuta hewa ya ukaa inapendelea ile nyepesi. Ni wachaguzi. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za huku kwetu zina njia nyingine, zinaikamata hewa kwanza zinaisukumia ndani kwenye chumba kilichofungwa afu ndo zinaitumia, sasa ukishafungiwa chumbani huna tena pa kuchagua, kilichoingia ndo hichohicho. Njia hii ilielezwa vizuri mwaka 1966 na Hatch na Slack kule Australia, kwenye miwa. Uwiano wa nzito na nyepesi tunausoma kwa namba ya kwa elfu, ikizidi kuwa hasi maana yake nzito ni chache zaidi, na matokeo yake ukipima jani la mwembe unapata kama hasi 27 kwa elfu, jani la mahindi kama hasi 13. Tofauti ya 14! Kwa mashine inayoweza kupima mpaka sehemu ya kumi au mbili za kumi za kipimo hicho, 14 ni pana kama bahari. Na jani likianguka likaoza likawa udongo, ile namba linakwenda nayo karibu kama ilivyo. Kwa hiyo ukipima mboji ukakuta ipo katikati unaweza kupiga hesabu, kiasi gani cha miti na kiasi gani cha mahindi.

Huku kwenye mawe ndo kazi inapoanza.

Nchi ya mawe ya chokaa ya namna hii kitaalamu inaitwa karsti, jina limetoka uwanda wa Kras mpakani mwa Slovenia na Italia. Mvua inashuka, inapita kwenye udongo, inabeba hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, inakuwa kama asidi dhaifu, inalamba jiwe polepole. Jiwe la Amboni ni la enzi ya Jurasi, limeanza kama tope la baharini zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, na mapango yote yale ambayo watu wanatoka mbali kuja kuyaona ni kazi ya maji hayo. Udongo wa juu ni kile kilichobaki baada ya jiwe kuyeyuka, ule uchafu uchafu uliokuwemo ndani yake, mfinyanzi na chuma, ndo maana ni mwekundu na ndo maana ni kidogo. Kupata sentimita moja ya udongo kutoka kwenye chokaa safi ni maelfu ya miaka. Nikimwangalia bibi anavyokwangua udongo kwenye jembe kwa kidole kabla hajahamia kifuko kingine, na kuurudisha palepale ulipotoka, naona kwamba hilo analijua bila kuambiwa na mtu.

Sasa shida ni kwamba jiwe lenyewe lina kaboni. Nyingi. Chokaa safi asilimia 12 ya uzito wake ni kaboni, wakati udongo wenye mboji ya kuridhisha una kaboni kama asilimia 2 tu. Na kaboni ya jiwe imetoka baharini, haijapita kwenye jani, namba yake ipo karibu na sifuri. Kwanini sifuri? Kwa sababu rula tunayopimia ni chokaa! Wataalamu walichukua kisukuku cha belemnaiti, mnyama wa bahari wa zamani wa ukoo mmoja na ngisi, kutoka miamba ya Pee Dee huko South Carolina, Marekani, wakasema huyu ndo sifuri, wengine wote tutawapima kwake. Kisukuku chenyewe kilishaisha siku nyingi, siku hizi kipimo kinalindwa kwa sampuli nyingine zinazoratibiwa kutoka Vienna, lakini sifuri ni ileile. Mi nimekulia pwani, nimekula ngisi toka sina meno, na siku nilipoelewa kwamba kila mti duniani unapimwa kwa mfupa wa ndugu yake ngisi nilikaa kimya muda mrefu sana.

Hebu tuone inavyopotosha. Chukua udongo ambao haujawahi kuona mahindi, wa miti mitupu, hasi 27, una kaboni ya mboji asilimia 2. Tuseme ndani yake umebaki unga wa chokaa asilimia 5 tu, unga ambao kwa macho huuoni. Hiyo chokaa inaleta kaboni asilimia 0.6 yenye namba sifuri. Changanya, utasoma karibu hasi 20.8. Ukipeleka kwenye hesabu ya mahindi na miti inakwambia asilimia 44 hivi ya mboji hii ni mahindi. Na mahindi hayajawahi kupandwa pale hata bua moja. Yaani jiwe limesema uongo na umeuandika.

Hilo lilinipata. Awamu ya kwanza nilichimba vifuko sita, kila kimoja tabaka nne mpaka sentimita 30, nikaanika kivulini, nikachekecha, nikatoa mizizi kwa kibano, nikasaga, nikatia asidi ya kuyeyusha chokaa, nikapeleka. Majibu yaliporudi tabaka za chini, zilizo karibu na jiwe, zilikuwa zimepanda kuliko mahindi yenyewe, namba ambayo hakuna mmea wa shambani unayoweza kuitoa. Niliziangalia nikajua palepale kwamba asidi niliyotumia haikumaliza kazi na kwamba miezi minne imeondoka. Iliniuma. Nauli, maombi ya kibali, pesa ya kupimia, na bibi alikuwa ananiuliza kila Ijumaa kwenye simu, "Mume wangu, udongo umesemaje?"

Nikarudi Kiomoni kuchukua upya, na siku hiyo nikamweleza bibi tatizo. Alikuwa jikoni. Akanisikiliza afu akasema kwani hujui jiwe lina pumzi? Zamani wakichoma chokaa ya kujengea, wanapanga mawe na kuni kwenye tanuu, moto unawaka, jiwe linaingia zito linatoka jepesi, umbo lilelile ila ukilinyanyua unajua kuna kitu kimetoka. Yupo sahihi kabisa, chokaa ikiiva inapoteza kama asilimia 44 ya uzito na kilichotoka ni hewa ya ukaa. Akachukua kipande cha jiwe la mlangoni, akakisagia kwenye kinu kile kidogo cha iliki, akakamua ndimu juu yake. Tukainama wote wawili. Ule unga ukaanza kutoa vipovu vidogo, taratibu, kama maji ya wali kabla hayajachemka, ikasikika sauti ndogo ya kuchirizika. "Haya," akasema, "pumzi hiyo inatoka. We kaa usubiri mpaka inyamaze."

Kusubiri mpaka inyamaze ndo ufundi wenyewe. Watu wengi wanaosha udongo kwa asidi ya haidrokloriki, wanamwaga, wanasuuza kwa maji, inafanya kazi haraka, lakini ukisuuza unaondoka na sehemu ya mboji inayoyeyuka, na hiyo sehemu haina namba sawa na iliyobaki, kwa hiyo umemnyamazisha jiwe na umemkata na shahidi ulimi. Mimi awamu ya pili nilikwenda na njia ya mvuke. Unapima miligramu chache za udongo kwenye vikombe vya madini ya fedha, vidogo kama kofia ya mbegu, lazima fedha kwa sababu vile vya bati vinaliwa na asidi, unaulowesha kwa tone la maji, unaviweka ndani ya chombo kinachofungwa pamoja na bilauri ya asidi kali, mvuke wenyewe ndo unaingia kwenye udongo na kulifukuza jiwe. Hakuna kumwaga, hakuna kupoteza. Kwa udongo wa kawaida saa sita mpaka nane zinatosha. Kwa wa bibi niliacha siku nzima na usiku wake, nikakausha, nikajaribu tone kwenye sampuli za akiba, lilipotoa povu nikarudia. Jiwe likiwa na magnesi nyingi ndani yake linakuwa bishi zaidi, linachelewa kuyeyuka, hilo ukilipuuza limekurudisha ulikotoka.

(Kuna chokaa nyingine haitoki hata kwenye mwamba. Mafundi seremala wa Tanga wanajua, ukipasua mvule msumeno unaweza ukagonga jiwe katikati ya mbao, ukameguka meno. Mvule unatengeneza chokaa mwilini mwake. Na yenyewe inabidi iondoke kabla ya kupima.)

Nilikuwa na tatizo jingine ambalo asidi haisaidii. Mkonge. Mkonge si mti na si hindi, unafungua vitundu vya majani yake usiku unavuta hewa unaihifadhi, mchana unafunga kuzuia maji yasipotee, nanasi nalo linafanya hivyohivyo. Na namba yake inaangukia karibu sana na ya mahindi. Wote tunajua habari yake, Hindorf alivyouleta mwaka 1893, vichipukizi 1,000 kutoka Florida vikapona 62 tu, vikapandwa huku kwetu, na kutoka hivyo 62 mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikawa inaongoza dunia kwa mkonge. Jina la sisal lenyewe ni la bandari ya Sisal huko Yucatan, Meksiko, na Yucatan yote ni uwanda wa chokaa, imejaa mashimo na maji ya chini ya ardhi. Mmea uliozoea mawe ulikuja kwenye mawe. Lakini kwa mimi mpimaji ina maana isotopu ya kaboni haiwezi kunitenganishia mkonge na mahindi. Inaweza kuniambia miti ilikuwepo na baadaye miti haikuwepo, hapo inaishia. Nani alichukua nafasi ya miti na kwa mpangilio gani, hilo niliandika kwa maneno ya bibi na nikaandika kwamba ni maneno ya bibi, kwa sababu ndo ushahidi uliopo na mimi nauamini.

Majibu ya awamu ya pili yalikuja masika. Nilikuwa Ngamiani nimejikinga mvua kwenye kibaraza cha duka, simu ikaita, nikafungua faili palepale. Juu kabisa, sentimita tano za mwanzo, namba zimevutwa upande wa mahindi. Unavyoshuka zinarudi upande wa miti. Karibu na jiwe zinapanda tena kidogo, kidogo sana, na hicho kipando nilikitegemea, maana hata kwenye msitu ambao haujaguswa namba hupanda kwa 1 mpaka 3 kadri unavyoshuka. Vijidudu vinapokula mboji vinarudia na kurudia vinabakisha iliyo nzito. Na hewa yenyewe imebadilika, zamani kabla ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa karibu hasi 6.5, leo ni kama hasi 8.5 kwa ajili ya makaa ya mawe na mafuta tunayochoma, kwa hiyo jani la mwembe wa leo si sawasawa na jani la mwembe wa enzi za babu. Hapo ndo uzuri, kwenye msitu mtulivu namba zinapanda ukishuka, kwa bibi zimeshuka ukishuka, mwelekeo umegeuka, na kitu cha kuugeuza namna hiyo ni badiliko la mimea juu ya ardhi.

Ila kilichonifanya nisome faili mara tatu huku maji yananinyeshea begi ni kingine. Baada ya miaka yote ile ya mkonge na miaka yote ile ya mahindi, kwenye vile vifuko vyenye mafuta sehemu kubwa ya kaboni bado ilikuwa ya miti. Msitu haupo, nimezaliwa sijauona, mama yangu hakuuona, lakini upo mle. Wanaoishi Tanga wanaujua ule msemo, waja leo waondoka leo, na tunajua pia wangapi walikuja kwa siku moja wakazikwa hapahapa. Kaboni ya majani ya mahindi ndo waja leo waondoka leo, inaingia vuli, masika yajayo imeshapumuliwa na vijidudu. Ya msitu imeshikwa na kalsiamu. Jiwe lilelile lililotaka kunidanganya linayeyuka kidogo kidogo linatoa kalsiamu, kalsiamu inafunga mboji na chembe za mfinyanzi pamoja kama kamba, vijidudu vinashindwa kuifikia.

Haya yameonekana sana kusini magharibi mwa China, Guizhou na Guangxi, ambako karsti imeenea kuliko kawaida na wakulima wanapanda mahindi katikati ya mawe, kifuko kwa kifuko, nikiona picha zao namwona bibi. Kule ardhi nyingi ilikatwa miti udongo ukaondoka pakabaki mwamba mtupu, wao wanaita jangwa la mawe. Kuanzia 1999 serikali yao ilianza mpango mkubwa wa kuyarudisha mashamba ya miteremkoni kuwa miti na majani, na wataalamu wa huko wanatumia kaboni ya mahindi kama alama, wanaangalia inavyofifia na ya miti inavyoingia. Wameona pia jambo linalonitisha, kwamba ukifyeka na kulima, mboji ya karsti inapungua kwa kasi miaka ya mwanzo, maana jembe linavunja yale madonge yaliyokuwa yanailinda. Na udongo wa huku haukimbilii mtoni tu. Unashuka kwenye nyufa, unaingia chini, unakwenda mapangoni, huuoni tena.

Nilipomwonyesha bibi nilimchorea kwa mkaa kwenye sakafu ya uani, mstari wa juu mahindi, mstari wa chini miti. Akaangalia muda. "Kwahiyo mi miaka yote hii nalisha watoto kwa msitu wa baba'angu."

Nikamwambia ndio bibi.

"Na ukiisha?"

Hapo ndo tukaongea mambo ya mabua. Watu wengi pale wanachoma mabua kusafisha shamba kabla ya mvua, na yeye pia. Nilimwambia nionavyo mimi, yasichomwe, yalazwe kwenye vifuko, na pembezoni turudishe mbaazi na miti miwili mitatu. Alikubali mbaazi. Mabua alisema yanaleta mchwa, tukabishana, mpaka sasa vifuko vitatu ndo vina mabua na vingine vimechomwa kama kawaida, basi angalau nitapima vyote.

Lakini nilikuwa na ombi jingine nililoliogopa. Hesabu yangu yote ilisimama kwenye ile hasi 27, ambayo ni wastani wa miti wa vitabuni. Nilihitaji namba ya miti ya palepale, ya msitu uliobaki, na msitu uliobaki Kiomoni ni kichaka kimoja nyuma ya mwamba mkubwa, chenye mbuyu na mvule mmoja, watu wanafunga vitambaa na kuweka ubani pale. Mzimu. Nikamwomba nichimbe tundu moja tu, dogo, upana wa kiganja.

"Hapo usichimbe."

Sikubishana. Akanyanyuka akaenda kwa mzee mmoja wa pale, wakaongea muda, mi nimekaa chini ya mwembe. Aliporudi alivua kandambili akaniambia nivue na mimi, akatangulia. Tulisimama pembeni, tusiingie katikati, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, afu akaniambia yaliyokwisha anguka yenyewe naweza kuokota. Nikaokota majani ya mvule, makavu, mepesi, mengine yameshaliwa yakabaki mishipa mitupu, kumi na mbili, nikayaweka kwenye bahasha ya karatasi. Bibi akainama akaokota moja lingine akalitia mwenyewe.

"Na hili," akasema. "Limetoka juu kabisa."

Nikaandika kwenye bahasha tarehe, jina la mti, na chini yake nikaandika kumi na tatu.